Ukiwa Fort Jesus, usifute picha juani

Wadogo zangu wapiga picha, juzi nimemwona mwingine wenu pale Fort Jesus, ile ngome kongwe ya Mombasa, jua linawaka, kainamia kamera anafuta picha moja baada ya nyingine huku wageni wake wamesimama wanamngoja. Basi niandike, maana kwa mdomo mmeshanichoka.

1. Saa sita mchana Mombasa jua liko utosini, na macho ya mgeni yanatoka mashimo kama ya fuvu. Msimamishe kivulini, uso auelekeze kwenye ukuta unaopigwa na jua. Ule ukuta wa matumbawe, wa tangu 1593, unarudisha mwanga wa kimanjano bila kukudai rifleka, lile bamba la kurudishia mwanga usoni.

2. Asubuhi jua linatokea upande wa bahari. Ukitaka mizinga na maji pamoja, rudi alasiri.

3. Usifute papo hapo. Hapa nitakaa kidogo.

Alikuja bibi mmoja na wajukuu zake. Tukashuka kwenye ule ujia wa matao, uliochongwa kwenye mwamba kuelekea baharini. Watoto wakatangulia kwenye mwanga, yeye akabaki nyuma, akaweka kiganja ukutani. Nikabonyeza. Nilipotoka juani nikatazama kioo: giza tupu, na bahari nyeupe pe. Histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza na mwanga wa picha, sikuigusa. Kadi ilikuwa inakaribia kujaa, nikafuta. Kisha nikampanga juu, karibu na mzinga, akatabasamu kwa heshima tu. Picha haina kosa, wala haina kitu.

Tunaagana ndipo ananiambia baba yake alifungwa humo. Mnajua ngome ilikuwa jela, 1895 hadi 1958. Akauliza, "Ile ya kule chini, nilipogusa ukuta, imetokaje, mwanangu?" Nikajibu, "Bado nazishughulikia, bibi." Uongo mtupu, tena kwa mtu mzima.

Usiku nikaiweka kadi kwenye programu ya kurejesha mafaili. Kwa kuwa nilikuwa nimeendelea kupiga juu yake, vikarudi vipande vya kijivu. Na nilikuwa napiga RAW, faili ghafi linalobeba kila kilichonaswa na kamera, jamani! Kivuli kile ningekiinua mezani nikiwa nakunywa chai. Picha ninayoikumbuka kuliko zote za ngome ile siwezi kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo: kioo cha kamera juani hakiaminiki, soma histogramu. Ukifuta kwa bahati mbaya, toa kadi hapo hapo, usipige hata moja zaidi. Na muulize mgeni kilichomleta kabla hujaanza kumpanga. Mimi niliuliza bei na saa tu.

4. Lenzi pana ukiielekeza juu, kuta zinalala. Rudi nyuma.

5. Kwenye vyumba vya maonyesho, uliza kwanza kama mwako wa kamera (flash) unaruhusiwa. Kadi ya pili mfukoni. Betri ya pili pia, na wewe wa juzi unajijua: iliyochajiwa.