Barua kwa Mwanangu: Lexus, BMW au Discovery kwa Safari ya Kazini

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na salamu zako nimemfikishia baba yako. Umeniuliza, kati ya magari matatu ya kifahari yaliyotumika ambayo umekuwa ukiyatazama, yaani BMW X5 ya dizeli ya mwaka 2011, Land Rover Discovery 4 ya mwaka 2012 na Lexus RX 350 ya mwaka huohuo, ni lipi litakalokutoa Usa River hadi kazini Arusha na kukurudisha kila siku bila kukufanya mteja wa kudumu wa gereji. Nadhani umeniuliza mimi, badala ya baba yako, kwa sababu unajua kwamba miaka niliyokaa nyuma ya kaunta ya duka la spea hapa mjini imenionyesha ni magari gani hurudi mara kwa mara na hurudi kutafuta nini. Jibu langu ni Lexus. Hata hivyo si kila Lexus, na ningependa uelewe sababu zake ili madalali wasije wakakubadilisha mawazo kwa rangi na viti vya ngozi.

Bei ya gari la kifahari hushuka haraka likishatumika, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Gari ambalo likiwa jipya lilinunuliwa na matajiri peke yao unaweza kulipata leo kwa fedha za gari la kawaida, ila kompresa yake ya hewa, gia boksi yake na taa zake za mbele zitaendelea kuuzwa kwa bei ya wale matajiri. Kwa hiyo usijiulize tu kama fedha ulizoweka akiba zinatosha kulinunua. Jiulize kama mshahara wako unaweza kulibeba katika mwaka ambao vitu viwili vikubwa vitaharibika kwa pamoja. Usisahau pia bima kubwa, kwa sababu hukokotolewa kwa thamani ya gari, na gari la namna hii sikushauri uliendeshe kwa bima ndogo.

Nianze na X5, kwa kuwa naona ndiyo iliyoushika moyo wako. Kwa uendeshaji sina la kuipinga. Tatizo ni kwamba injini yake ya dizeli ya lita 3.0 ya miaka hiyo, ambayo mafundi huijua kwa jina la N57, ina cheni ya taimingi, ile inayozifanya vali za injini zifunguke kwa wakati wake, iliyowekwa nyuma, upande wa gia boksi, hivyo cheni ikilegea na kuanza kupiga kelele, kwa kawaida injini nzima hulazimika kushushwa. Tena gari hilo lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi pale gari linapokwenda kwa mwendo wa kasi bila kusimama kwa muda wa kutosha, na sasa itazame safari yako: matuta na mwendo wa kilomita 50 kwa saa kila penye makazi ya watu, nafuu kidogo katika ile barabara ya njia nne kutoka Tengeru, kisha foleni kuanzia Kwa Mrefu hadi Sanawari. Ni mazingira yaleyale yanayoliziba. Dizeli yetu pia, ingawa iliboreshwa sana pale nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, kwa miaka mingi ilibaki juu ya kiwango cha sehemu 10 ambacho injini za Ulaya za wakati huo zilitengenezewa. Ongeza kwamba X5 nyingi za toleo hilo zilitoka kiwandani na tairi zinazoweza kutembea bila upepo, hivyo hazina tairi la akiba, na tairi hizo ni ngumu na za gharama kwa mtu ambaye kipande cha mwisho cha njia ya kwake ni changarawe.

Discovery 4 ndiyo ambayo baba yako angekuchagulia. Kwake yeye gari ni Land Rover na mengine yote ni vyombo vya usafiri tu, na sitabishana naye uzeeni. Kwa njia mbovu na mzigo mkubwa ni gari hodari kweli. Lakini injini yake ya dizeli ya lita 3.0 inajulikana kwa krenkishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, kuvunjika bila dalili ndefu, na likitokea hilo hutafuti spea, unatafuta injini. Halafu husimama juu ya mfumo wa hewa badala ya springi za chuma. Vumbi na tope vikiingia kwenye vali na mabegi ya hewa, hewa huanza kuvuja, kompresa hufanya kazi kupita kiasi kuifidia, na mwisho kompresa nayo huungua. Ukilikuta gari la namna hiyo asubuhi limeketi upande mmoja, ujue linavuja. Mteja wa spea hizo hapa Moshi ilinibidi nimwagizie Dar es Salaam, na kama kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani huko hazikupatikana tulisubiri Dubai, huku yeye akipanda daladala kwenda kazini.

Sasa Lexus. RX ilianza maisha kama Toyota Harrier, iliyotoka Japani mwishoni mwa mwaka 1997, na undugu huo ndio unaokufaa, kwa sababu fundi aliyezoea Harrier haogopi kuifungua RX. Toleo unalolitazama lilitengenezwa kuanzia mwaka 2009 hadi 2015, na RX 350 yake hutumia injini ya V6 ya lita 3.5 iitwayo 2GR-FE, ambayo Toyota iliifunga katika magari yake mengi, kwa hiyo spea zake huwa zipo. Injini hiyo hutumia cheni, si mkanda wa taimingi, na cheni yake hudumu ikiwa oili inabadilishwa kwa wakati. Haikosi udhaifu wake. Katika injini za mwanzo za aina hiyo palikuwa na bomba la oili lenye kipande cha mpira, ambalo likipasuka oili humwagika yote kwa dakika chache na injini kufa. Toyota ilibadilisha mabomba hayo kuwa ya chuma. Hata kama gari ni la mwaka 2012, mwambie fundi alikague, kwa kuwa injini zilizokwisha kubadilishwa hapa nchini hazina uhakika wa mwaka. Kitu kingine ni pampu ya maji, ambayo huvuja taratibu na kuacha ukoko wa rangi ya waridi pembeni mwa injini. Ukoko huo usikutishe, kwani pampu inapatikana. Kinachonitisha zaidi ni kukuta rejeta imejazwa maji ya bomba au themostati imetolewa, maana hapo unajua kwamba gari liliwahi kuchemsha na mwenyewe akatafuta njia ya mkato.

Utaniambia kwamba V6 ya lita 3.5 inakunywa mafuta. Ni kweli. Vipimo rasmi vya Marekani viliipa RX 350 ya toleo hilo takriban kilomita 8.5 kwa lita, na dada yake ya haibridi, yaani inayotumia petroli na umeme, RX 450h, takriban kilomita 12. Ukiendesha kilomita 50 kwa siku, kwa siku 22 za kazi, tofauti inakuwa kama lita 38 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei elekezi ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Foleni ndipo haibridi inaposhinda, kwa sababu gari hutambaa kwa umeme. Lakini betri yake kubwa ipo chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na hewa ya ndani ya gari katika njia zetu za vumbi si safi. Feni na matundu yake yakiziba, betri hupata joto na kuchoka kabla ya wakati. Ningeichukua haibridi kwa sharti moja tu, kwamba fundi mwenye kompyuta apime betri yenyewe, sehemu kwa sehemu, na akuonyeshe matokeo. Bila hivyo chukua RX 350 na ulipie hizo lita.

Kama bei zitakushinda, Harrier ya toleo la mwaka 2013 na kuendelea, yenye injini ya lita 2.0, si ya kudharau, na kwa kuwa ukubwa wa injini haufiki cc 2,000 ushuru wake wa bidhaa huwa mdogo. Ina gia ya CVT, yaani gia ya otomatiki isiyo na hatua, nayo inataka oili yake maalumu. Anayekushauri kuitia oili yoyote iliyopo dukani mkwepe.

Kuhusu kuagiza kutoka nje, fahamu kwamba Tanzania haizuii gari kwa umri bali hulitoza. Gari dogo lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30, kisha VAT ya asilimia 18 huja juu ya vyote. Tena TRA, mamlaka ya mapato, hukokotoa kwa thamani iliyomo katika mfumo wao, si kwa risiti uliyopewa na muuzaji wa Japani, hivyo ingia kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma fedha. Kwa magari ya umri unaoutaka, naona ni busara zaidi kununua lililokwisha kuingia nchini. Namba za gari zisikudanganye: gari lenye namba E, yaani ambalo herufi za namba yake huanza na E, lilisajiliwa hapa karibuni, lakini huenda lilitengenezwa mwaka mmoja na lenye namba C. Kwa lililotoka Japani, omba karatasi ya mnada na cheti cha kufutiwa usajili, ulinganishe kilomita zilizoandikwa na zile zilizo kwenye dashibodi. Karatasi ya mnada yenye alama R inaeleza kwamba gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwa lililotoka Uingereza ni rahisi zaidi, kwani ukiwa na namba yake ya kule unaweza kusoma bure kwenye intaneti historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka, maili lilizotembea zikiwemo. Usiache kutazama chini ya gari, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula chuma.

Arusha ina bahati ya kuwa na makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na wafanyakazi wa kigeni wanapohama huuza magari yaliyotunzwa vizuri. Yatafute, ila fahamu kwamba mengi yaliingia kwa msamaha wa kodi, na kodi hiyo hudaiwa gari linapohamia kwa mtu asiye na msamaha. Mkubaliane kwa maandishi nani atailipa. Kwa gari lolote, jina lililo kwenye kadi liwe la anayekuuzia, kadi isiwe imeshikiliwa na benki, na deni la faini za barabarani litazamwe katika mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari.

Siku ya kulikagua, fika alfajiri na umkataze muuzaji kuliwasha kabla hujafika, kwa kuwa injini ya baridi haifichi kitu. Moshi wa bluu katika sekunde za kwanza ni oili inayoungua. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili gari likitembea polepole, na usikilize. Hakikisha tairi zote nne ni za aina moja na zimelika sawasawa, jambo ambalo kwa gari la 4WD la namna hii si urembo, maana zikitofautiana huumiza difu. Kisha lipandishe njia ya Machame ukiwa umewasha AC, uone kama gia zinaingia bila mshtuko na kama joto la injini linabaki mahali pake. Mwisho liunganishwe na kompyuta. Kompyuta ikionyesha kwamba hakuna hitilafu lakini majaribio yake ya ndani hayajakamilika, mara nyingi maana yake mtu amefuta kumbukumbu hivi karibuni, na hapo ondoka hata kama muuzaji atapunguza bei.

Ukipata RX ya kuridhisha, nitumie picha ya kadi, namba ya chesisi na picha ya dashibodi injini ikiwa imewashwa, kabla hujatoa hata malipo ya awali. Kwa namba ya chesisi nitakutafutia bei za shokapu, bushi, pampu ya maji na breki zake, ili ukae mezani na muuzaji ukijua unachonunua. Baba yako amekubali kuja na fundi wetu Jumamosi utakayoitaja, ingawa ameomba niandike kwamba Discovery bado ni gari bora.

Wasalimie wajukuu wangu.

Mama yako