Mboga za shule: anzeni na kalenda ya muhula

Umeuliza shule ya watoto 300 ianzeje kununua mboga moja kwa moja kwa wakulima wa jirani. Kabla ya mkataba, wapeni wakulima kalenda ya muhula na ratiba ya chakula. Mboga za majani haziendi likizo. Wapande kwa awamu, kila baada ya wiki mbili, na awamu ya mwisho iishe kuvunwa kabla shule haijafungwa.

Agizeni kwa kilo, si kwa mafungu. Gramu 80 zilizokwisha kuchambuliwa kwa kila mtoto ni kilo 24. Mabua na majani mabovu yakila robo, inabidi zije kilo 32. Kama kweli kinachopotea ni robo, muulizeni mpishi, si mhasibu.

Zivunwe alfajiri, zije kwenye kreti zenye matundu. Zikishindiliwa kwenye gunia hupata joto, na majani ya katikati hufika yamelegea, yanateleza. Pimeni getini, pande zote mbili zisaini daftari.

Kinachovuruga mpango mara nyingi ni malipo. Mkulima mdogo hawezi kungoja siku 60 wakati dalali ana pesa mkononi. Lipeni kila wiki, na msitegemee shamba moja.