Seli ya mume, yai la mke: uharamu wa kloni uko wapi?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Uingereza na mume wangu, na ndoa yetu ina miaka 11. Vipimo vimeonyesha manii ya mume wangu hayana mbegu. Tuliambiwa tunaweza kutumia mbegu ya mtu mwingine, tukakataa kwa kuwa tunajua ni haramu. Sasa mume wangu amesoma habari za kloni: inachukuliwa seli ya ngozi yake, kiini chake kinatiwa ndani ya yai langu, kisha mimba naibeba mimi. Tukaambiwa sheria ya hapa inakataza na mtu hufungwa. Lakini najiuliza: seli ni ya mume wangu, yai langu, tumbo langu, ndoa halali, hakuna mtu wa tatu. Uharamu uko wapi? Na waliotunga sheria hiyo si Waislamu, je, inatufunga sisi?

JIBU

Wa alaykumu ssalam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri kwa kuikataa mbegu ya mtu baki, na miaka 11 ya kungoja si mchezo.

Nianze kwa kuondoa jambo moja. Wapo watakaokwambia kloni ni haramu kwa kuwa ni kushindana na Muumba. Mimi siitegemei hoja hiyo. Anayefanya kloni haumbi: anachukua seli iliyo hai na yai lililo hai, vyote vimeumbwa na Allah, anavihamisha. Na tumeambiwa katika Surat al-Hajj kwamba wanaoabudiwa badala ya Allah hawataumba hata nzi, wangekusanyika wote. Basi tuliache.

Uzito uko kwenye neno lako "hakuna mtu wa tatu". Hebu tulitazame vizuri. Mtoto wa kawaida hupata nusu ya asili yake kwa baba na nusu kwa mama, na Qur'ani katika Surat al-Insan imesema mwanadamu ameumbwa kwa tone lililochanganyika. Katika kloni hakuna mchanganyiko. Yai lako linatolewa kiini chake, kinaingizwa kiini cha seli ya mumeo, na kiini hicho ndicho kilichobeba karibu kila kitu. Atakayezaliwa, kwa maumbile, ni pacha wa mumeo aliyechelewa kuzaliwa miaka mingi. Na asili ya mumeo imetoka wapi? Kwa baba mkwe wako na mama mkwe wako. Kwa hiyo tumbo lako litakuwa limembeba shemeji yako. Watu wa ziada wapo, tena wawili, na hakuna aliyewauliza.

Hili si la kuchekesha, lina hukumu nyuma yake. Chukua mirathi. Mume akifariki, mtoto wake wa kiume huwazuia ndugu zake marehemu wasirithi kitu. Lakini huyu ni mtoto au ni ndugu? Kama ni ndugu, basi baba wa marehemu akiwa hai anamzuia yeye. Kadhi ataandika nini? Allah amesema katika Surat al-Furqan kwamba amemuumba mtu kutokana na maji akamjaalia nasaba na ukwe. Hapa nasaba na ukwe vimefungwa fundo moja.

Utasema: Mtume ﷺ amesema mtoto ni wa kitanda, yaani wa ndoa aliyozaliwa ndani yake, na kitanda ni cha mume wangu. Hoja yako ina nguvu, na ingetokea mtoto wa namna hii amezaliwa ndani ya ndoa, huenda wanazuoni wakaitumia kumsitiri, kwani yeye hana kosa na hakuna abebaye mzigo wa mwenzake. Ataadhiniwa, atapewa jina, atalelewa kama mtoto yeyote. Ila dalili ya kumaliza mzozo uliokwisha kutokea si ruhusa ya kwenda kuutafuta mzozo. Na Nabii Isa hawezi kuwa dalili hapa: ule ulikuwa muujiza, na akaitwa mwana wa Maryam bila ya mtu kubahatisha.

Kisha kuna madhara. Yule kondoo Dolly wa Scotland, aliyezaliwa 1996, alipatikana baada ya mayai 277 kuunganishwa na seli, na ni yeye peke yake aliyezaliwa. Mwaka 2018 Wachina walitangaza kima wawili wa kloni walio hai, lakini hao walitokana na seli za kijusi. Walipojaribu seli za kima mkubwa, kama itakavyokuwa kwa mumeo, walipandikiza viinitete 181 kwa majike 42, wakazaliwa wawili tu, wakafa muda mfupi baadaye. Hakuna kudhuru wala kudhuriana, na hapa mwili wa kujaribiwa ni wako.

Wapo wanazuoni, wakiwemo baadhi wa Kishia, walioona kloni si haramu kwa asili yake bali kwa yanayofuatana nayo. Hata kwa kauli hiyo, yanayofuatana nayo yapo.

Ama hiyo sheria. Mwaka 1997, miezi michache baada ya habari za Dolly kutangazwa, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah likaharamisha kloni ya binadamu, na likazitaka nchi za Kiislamu zitunge sheria za kuufunga mlango huo. Basi wanazuoni waliidai sheria ya namna hii kabla ya Uingereza kuwa nayo. Huko kwenu ilikuja kwa haraka: tarehe 15 Novemba 2001 Mahakama Kuu ilisema sheria ya uzazi ya 1990 haikigusi kiinitete cha kloni, na kufikia tarehe 4 Desemba Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria mpya yenye kifungo cha hadi miaka 10. Leo katazo hilo limo ndani ya ile sheria ya 1990, baada ya marekebisho ya 2008. Nyinyi mmeingia nchi ya watu kwa ahadi, na Allah ameamuru ahadi zitimizwe. Sheria isiyokuamuru maasi inakufunga, awe ameitunga nani.

Lakini msiifanye mizani ya halali na haramu. Sheria hiyohiyo inaruhusu mbegu ya mfadhili mliyoikataa. Na Marekani, Baraza la Wawakilishi lilipitisha katazo 2001 na tena 2003, Seneti haikulipitisha, hivyo hakuna sheria ya nchi nzima. Mkivuka bahari kwenda jimbo lisilokataza, haramu haigeuki.

Sasa fanyeni hivi. Mwulizeni daktari kama tatizo la mume ni njia iliyoziba au mbegu hazitengenezwi. Mara nyingine manii hayana mbegu na korodani inazo, na hutolewa kwa upasuaji mdogo. Mbegu yake na yai lako, mkiwa ndani ya ndoa, hiyo Baraza la Fiqhi lilishairuhusu Amman mwaka 1986. Ikishindikana, leeni yatima bila ya kumbadilisha jina la baba yake. Mkipata mtoto mchanga, akiwa wa kiume anyonyeshwe na dada yako mara tano za kushiba kabla ya kutimiza miaka 2, uwe khalati yake wa kunyonya, yaani maharimu wake asiyeweza kukuoa. Akiwa wa kike, anyonyeshwe na dada wa mumeo, ili mumeo awe mjomba wake.

Wallahu a'lam.