Presha ya nusu uwanja haianzi kwa mwenye mpira

Mwalimu mmoja kijana wa Nachingwea kaniandikia wiki hii. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaingia kwenye jambo lake: "Kocha, mabinti zangu wa basketi wanakaba mtu kwa mtu tangu shule zifunguliwe. Pumzi wanayo, hamu wanayo, lakini kila mechi wanapitwa kama nguzo za umeme. Nimesikia mlichowafanyia wale wa Lindi kwenye bonanza. Nipe hiyo dawa na mimi nipone."

Marahaba, mwalimu. Ulichosikia ni kweli, wala sitajifanya mnyenyekevu. Tulitoka Mtwara alfajiri kwa kosta, watoto wamelala vichwa dirishani, na kule tulikoenda kila mtu alikuwa akitutajia gadi wao, yule anayeongoza mpira. Binti anadunda mkono wa kushoto na wa kulia, anaruka, anapiga za mbali. Robo ya pili timu yake haikupata hata kikapu kimoja cha kuchezwa. Pointi walizopata zilitoka kwenye mitupo huru ya faulo, basi. Kufika robo ya tatu yule gadi alikuwa anagombana na wenzake kwa nini hawajitokezi kupokea pasi. Walikuwa wanajitokeza sana, ila pasi haikuwa na njia ya kupita.

Nilimuuliza mwalimu wa Nachingwea swali moja tu: mkabaji wako akipitwa, wale wanne wengine wanakuwa wapi? Akajibu haraka, na kwa fahari: "Kila mmoja anakuwa na mtu wake, Kocha!"

Ugonjwa uko hapohapo.

Karibu kila mtu anayeanza kufundisha presha, yaani kumbana mpinzani asipumue, anaanza na yule anayemkaba mwenye mpira. Inama, piga magoti, teleza, usivuke miguu, mbane. Halafu anashangaa mbona binti huyo kwenye mechi anarudi nyuma hatua mbili. Anarudi kwa sababu ana akili. Anajua akimsogelea mtu hadi urefu wa mkono na akapitwa, nyuma yake hakuna mtu, ni kikapu kitupu, na kocha atamfokea yeye. Ukimpigia kelele "mkabe! mkabe!" hasogei, kwa sababu hofu yake ina msingi. Mpe mtu wa kumlinda mgongo wake, ataenda mwenyewe. Kwa hiyo mimi nafundisha kuanzia mbali na mpira, wale wawili waliosimama upande wa pili wanaoonekana hawana kazi. Mwenye mpira namfikia mwisho kabisa.

Haya sikuyasoma mahali. Mwaka 2019 mashindano ya taifa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, yalifanyika hapa kwetu Mtwara, nami nilikuwa nina kinyongo kikubwa moyoni. Wakati wa kuunda benchi la ufundi nilidhani nitaitwa. Sikuitwa. Bwana mmoja mwenye sauti katika mambo hayo alisema mbele ya watu, nami nikiwepo, kwamba timu yangu "inakimbiza watu tu, haijui basketi", na kwamba basketi ni kufunga. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, unafanyaje? Kusema kweli bado inaniuma, na nikikutana naye sokoni tunasalimiana vizuri sana.

Basi nilikwenda kama mtazamaji. Na mtu asiye na benchi ana faida moja, anaweza kuangalia anachotaka. Nikaamua kutofuata mpira. Timu zilizofundishwa vizuri zikiingia, nilichagua mkabaji mmoja aliye mbali na mpira na nikamwangalia yeye tu robo nzima. Jirani zangu wanashangilia kikapu, mimi naangalia kisigino cha mtoto ambaye hajagusa mpira. Nikaona kwamba wakabaji wa timu nzuri hawakai na watu wao. Mpira ukiwa kulia, yule wa kushoto kabisa ameshamwacha mtu wake, mguu mmoja uko chini ya kikapu, anatazama. Mpira ukirushwa kwenda kushoto, anaondoka wakati mpira uko hewani. Sikumwona hata mmoja aliyesubiri udakwe kwanza.

Nikarudi shuleni nikachora mstari kwa chokaa kutoka kikapu hadi kikapu, katikati ya uwanja. Ndio mstari wangu wa msaada. Mpira ukiwa upande mmoja, mkabaji ambaye mtu wake yuko pasi moja tu kutoka kwenye mpira anakaa kwenye njia ya pasi, mkono umenyooka mbele, kidole gumba kinatazama chini, anamwona mtu na anauona mpira. Ambaye mtu wake yuko umbali wa pasi mbili anaweka mguu kwenye mstari wa chokaa. Mkono mmoja unaonyesha mpira, mwingine unaonyesha mtu wake. Mwanzoni wanaona aibu kunyoosha mikono hivyo, wanachekana. Waache wacheke lakini wanyooshe.

Tunacheza nne kwa nne. Washambuliaji hawaruhusiwi kufunga wala kupenya, wanapiga pasi tu na kukaa na mpira kidogo kabla ya pasi nyingine. Nikipuliza filimbi wote wanaganda, nami napita kukagua miguu. Zoezi linachosha akili kuliko mwili, na watazamaji wanaokuja kuangalia mazoezi huondoka haraka. Zikipita wiki kadhaa naruhusu kupenya. Mwenye mpira akipita, yule wa chini kabisa upande wa msaada, ule usio na mpira, anatoka kumzuia kabla hajaingia ndani ya boksi, lile eneo lililochorwa chini ya kikapu, na yule wa juu yake anashuka kuchukua mtu aliyeachwa. Huyu wa pili ndiye makocha wengi wanamsahau. Wanafundisha msaada wa kwanza, wanaishia hapo, kisha wanalalamika kwamba pasi ya mwisho inawaua.

Hapa niingize jambo la watoto wanaoangalia NBA, ligi ya Marekani, kwenye simu. Watakuambia, "Kocha, mlinzi haruhusiwi kukaa kwenye boksi zaidi ya sekunde tatu." Hiyo ni NBA. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, tunazochezea sisi, sekunde tatu zinamhusu mshambuliaji. Mlinzi wako akitaka kupanga humo apange.

Na angalia uwanja wako. Viwanja vyetu vingi ni saruji ya zamani. Ukikuta boksi limechorwa pana kwa chini na jembamba kwa juu, ujue mistari hiyo ni ya kabla ya 2010, FIBA ilipobadilisha boksi kuwa mstatili na kusogeza mstari wa pointi tatu kutoka mita 6.25 hadi 6.75. Mabinti zangu walizoea kukimbilia mpigaji hadi mstari wa zamani na kusimama. Tukienda kwenye uwanja mpya, mpigaji yuko nusu mita nyuma zaidi, anapiga kwa raha zake. Nunua rangi, au tumia chokaa. Ni gharama ndogo.

Sasa mwenye mpira. Tunamsubiri kwenye mstari wa kati, ule unaogawa uwanja nusu mbili, hatumfuati kwao. Akishavuka hawezi kurudi nyuma, sheria inamkataza, kwa hiyo mstari ule unatukabia bure. Mkabaji anamkaribia hadi urefu wa mkono, anamsukumia upande mmoja kwa jinsi alivyosimama, mguu wa ndani ukiwa mbele. Kumsukumia pembeni ni lazima, kwa sababu mpira ukikaa katikati, wale wa mbali hawajui upande wa msaada ni upi. Mkono unakwenda chini ya mpira, kiganja kikitazama juu. Ukipiga kutoka juu kwenda chini mwamuzi anasikia mlio tu, na mlio kwake ni faulo.

Akiacha kudunda na kuushika mpira, hapo wote watano wanapiga kelele: "Kafa!" Mkabaji anaingia kifuani bila kugusa, mikono inafuata mpira unakokwenda, na kila mwingine anaacha msaada na kuziba mtu wake kabisa. Maana aliyeacha kudunda hawezi kupenya tena, sasa msaada wa nini? Kwa sheria, anayebanwa na mkabaji aliye ndani ya mita moja ana sekunde tano za kupasi, kurusha au kudunda. Wetu kashamaliza kudunda. Zimebaki njia mbili, kupasi au kurusha.

Hizi tano ndizo dhahabu ya timu za huku kwetu, na sielewi kwa nini hazisemwi. Mechi nyingi za shule hazina saa ya sekunde 24, ile inayolazimisha timu kurusha kabla muda haujaisha. Wapinzani wakiongoza wanaweza kukaa na mpira wakipasiana hadi jua lizame. Mkikaba kwa kurudi nyuma, nani atawaharakisha? Presha ndiyo saa yenu. Kabla ya mechi mtume kapteni kwa mwamuzi, kwa heshima zote: "Mwalimu, leo utahesabu tano?" Akishaulizwa mbele ya watu, atahesabu.

Kuhusu kelele nimepata taabu kuliko jambo lolote. Hawa ni mabinti wa pwani. Nyumbani wamefundwa tangu wadogo kwamba mtoto wa kike hapazi sauti. Halafu naja mimi nawaambia wapige kelele "mpira!", "msaada kulia!", "skrini kushoto!" hadi makoo yakauke. Mzee mmoja aliyekuwa akipita kwenda msikitini alisimama akaniuliza, "Mwalimu, mbona watoto wanagombana na wewe umekaa?" Nikamwambia, "Mzee wangu, wanasaidiana." Akatikisa kichwa akaenda zake. Lakini mkabaji anayebana mwenye mpira hana macho mgongoni. Skrini, yaani mpinzani anayesimama kumzibia njia, ikija bila sauti atajigonga kama hajitaki. Timu yangu ikinyamaza, nasimamisha mazoezi kabla hata hawajakosea.

Na vijana wa siku hizi, nisameheni, wanataka vinavyoonekana. Wanamjua Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili na timu ya Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, wanadhani kukaba ni kuruka na kupangua mpira. Yule ana zaidi ya mita mbili, ndugu zangu! Wewe una mita moja na nusu na viatu. Ukiruka umeshatoka kwenye mchezo, na aliyedanganya kurusha anakupita chini ya kwapa. Kaa chini, kaa mbele yake, nyosha mikono, mlazimishe arushe juu yako, kisha geuka umweke mgongoni uchukue ribaundi, mpira unaorudi. Hakuna atakayekupigia makofi. Mimi sikupigiwa. Kama unataka makofi katafute kazi nyingine, kukaba si kwako, na kufundisha kukaba si kwako zaidi.

Mwalimu, ujue pia kuna majira ambayo hutapata watoto wote. Msimu wa korosho ukianza, wengine wanahitajika shambani, huwezi kushindana na mzazi. Mwezi wa Ramadhani wengi wako kwenye swaumu, na joto la huku unalijua. Usifute mazoezi. Punguza mbio, fanya lile zoezi la nne kwa nne kwa kutembea, pasi zipigwe polepole, wajifunze tu mahali pa kusimama. Kikosi changu cha mwaka huu kilielewa msaada vizuri zaidi katika mwezi huo, kwa vile hakuna aliyekuwa na nguvu za kufunika makosa kwa kukimbia.

Umeniuliza mwishoni kuhusu faulo, kwamba mabinti zako wawili wakali wanatolewa kabla ya robo ya nne. Presha italeta faulo, hilo huliepuki. Mchezaji anatoka kwa faulo ya tano, na timu ikishafikisha nne ndani ya robo moja, kila faulo inayofuata mnapokaba inawapa wapinzani mitupo huru miwili. Mpe msaidizi wako daftari, kazi yake iwe kuhesabu hizo tu. Ikifika ya nne na robo bado ndefu, usibadili kwenda zoni, kila mmoja kulinda eneo lake, kwa woga. Waambie mabinti wabaki mtu kwa mtu, wambane mwenye mpira kwa miguu na warudishe mikono, wale wa pasi moja walegeze nusu hatua. Wale wa mguu kwenye chokaa wasisogee. Na hao wawili wakali usiwaweke wote juu kwa wakati mmoja, mmoja akabe mpira, mwingine akae upande wa msaada apumzike kidogo, halafu mwanzo wa robo inayofuata wabadilishane.

Nitumie video ya mazoezi ukipata simu yenye nafasi. Usirekodi mpira, rekodi upande wa pili.