Mama Avoka anajibu: Kwanza Kilwa, kisha Pretoria

SWALI: Mama Avoka, jambo sana. Namaliza masomo ya sheria hapa Lubumbashi. Memwari yangu, yaani kazi ya kumaliza masomo, nataka ilinganishe mauaji ya Kilwa, ile ya kwetu Katanga, na yale ya Marikana, Afrika Kusini. Profesa amekubali, ila baba anasema safari ni kutupa feza, kila kitu kiko kwenye intaneti. Niende au nibaki?
Kijana wa Katuba

JIBU: Mwanangu, njia hiyo niliipita. Mwaka 2014 nilipanda basi Kasumbalesa, nikavuka Zambia na Zimbabwe, nikafikia kwa Wakongo wenzetu Yeoville, Johannesburg. Kutoka pale nilikuwa naenda Centurion, karibu na Pretoria, ambako tume ya Jaji Farlam ilikuwa ikichunguza vifo vya wachimbaji 34 wa mgodi wa Marikana waliopigwa risasi na polisi tarehe 16 Agosti 2012.

Baba yako ana haki kwa jambo moja: ripoti ya tume, iliyotoka 2015, utaisoma bila kutoka nyumbani. Isome yote. Lakini siku moja ukumbini walionyesha video ya risasi, na mjane mmoja akavuta blanketi la mabegani akajifunika uso. Mwenzake alimshika mkono mpaka video ikaisha. Hilo sikulisoma popote.

Wakati wa mapumziko mama huyo aliniuliza, kijana mmoja akitafsiri, kama kwetu pia watu huuawa karibu na migodi. Nikaanza: Kilwa, Oktoba 2004, wanajeshi wa serikali waliua watu zaidi ya 70, kesi katika mahakama ya kijeshi Lubumbashi, Juni 2007 hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Akaniuliza tena: “Na wajane wa huko wanasemaje?”

Sikuwa na jibu. Kilwa sikuwa nimekanyaga hata siku moja. Nimevuka mipaka mitatu kwenda kuwasikiliza wajane wa watu, wa kwetu sijawasalimia! Aibu ile ninayo hadi leo.

Kwa hiyo uende, lakini Kilwa kwanza.

Halafu angalia usilinganishe vitu visivyo vya aina moja. Tume ya Farlam haikuwa na uwezo wa kumfunga mtu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza na kupendekeza. Mahakama ya kijeshi inahukumu. Ukiandika tu kwamba wenzetu walifanya vizuri kutuzidi, juri ya memwari itakubana, na itakuwa na haki. Chukua swali moja ulipeleke pande zote mbili: jamaa za marehemu walisikilizwa wapi, na kwa lugha gani? Hapo utaona mengi. Na kwa Kilwa usiishie 2007. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Banjul, iliona serikali yetu ina hatia. Uamuzi ulitangazwa 2017, ukiitaka ilipe dola milioni 2.5 kwa waathirika na jamaa zao. Waulize wenyewe nini kimewafikia.

Ondoka mwezi wa tano au wa sita, barabara ikiwa kavu. Ukifika, jitambulishe kwa chifu, na simu ya kurekodi ikae mfukoni siku za kwanza. Kaa na akina mama, wakutajie majina ya watu wao, na uyaandike jinsi wanavyoyatamka wao.