Bei ya mnadani siyo ya mfukoni

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tandahimba, na wa Mtwara mjini pia, maana najua haya yatawafikia.

Tangu arobaini ya Baba ipite nimeulizwa mengi, na karibu yote yanarudi kwenye maswali mawili. La kwanza limetoka kwa watu wazima, kwa upole lakini kwa kurudia: mbona hukuja kumzika mzee? La pili kaniuliza mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Kuna wakala Dar es Salaam anamwambia atampatia kazi ya kutunza wazee Uingereza. Anataka atangulize hela, na mdogo wangu anafikiria kuuza mikorosho aliyoachiwa na babake. "Dada, wewe umefika, niambie ukweli, nije?" Nawajibu wote hapa, kwa pamoja, ili asiwepo mwenye habari yake na mwingine na yake.

Nianze na mazishi. Simu ya kaka iliniamsha usiku, kwenu ikiwa alfajiri. Baba alikuwa ameshafumba macho. Kaka akaniuliza, "Tukusubiri?" Nikamwambia msimsubirishe. Kutoka Leicester, huku Uingereza ninakofanya kazi, hadi Dar es Salaam unabadilisha ndege njiani, safari inakula karibu siku nzima, bado ya kushuka Mtwara, bado gari la kupanda Tandahimba. Kumharakisha maiti ni haki yake. Akaswaliwa baada ya Adhuhuri, akazikwa. Na tuseme kweli, hata ningekuwa hapo uani, makaburini wanakwenda wanaume. Nafasi niliyoikosa ni ya mkekani, ubavuni kwa Mama, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Mmesema basi ningewahi matanga. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi nyumbani hawalijui. Wakati ule viza yangu ilikuwa inakaribia kwisha na nilikuwa nimeshapeleka maombi ya kuongezewa. Sheria ya Uingereza inasema ukiwa umeomba ukiwa ndani ya nchi, ukatoka kabla hujajibiwa, maombi yako yanahesabiwa kuwa umeyaondoa mwenyewe. Ningepanda ndege ile, huenda nisingerudi kazini, na dawa za Mama zinatoka kwenye kazi hii. Kaka alijua, Mama alijua. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Kaa huko huko, mwanangu, muombee." Anayetaka kunilaumu anilaumu baada ya kusikia hivyo.

Tulimuombea. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi tunaruhusu kumswalia maiti aliye mbali, basi tukaswali sebuleni kwa rafiki yangu wa Lindi, viti vimesukumwa ukutani, tukasoma Yasini, tukala tende na maandazi. Walikuja watu wa Unguja, wa Mombasa, mmoja wa Moroni kule Komoro. Hakuna hata mmoja aliyemjua Baba. Ndipo nilipoelewa kazi ya watani msibani. Nyumbani mtani angesimama akamsema marehemu kwa ubahili wake wa maji, watu wakacheka huku wanalia. Huku nililia bila mtu wa kunichekesha, kwa sababu ili umtanie marehemu lazima uwe umeishi naye.

Ubahili wa maji. Wazee mnaokumbuka kisima cha kwetu mtanielewa, wengine niwaeleze. Juu kule kwetu, kwenye uwanda wa Makonde, mchanga unameza mvua yote, na zamani kinamama walishuka mabonde na kupanda tena na ndoo kichwani. Baba alijenga kisima cha kuvuna maji ya bati, akakifunika, akatia kufuli. Kiangazi kikikolea, kila asubuhi kabla ya chai alifungua mfuniko, akapiga magoti, akatumbukiza mwanzi wake. Ule mwanzi aliuchonga mikato kwa kisu kuanzia chini hadi juu. Akiutoa anautazama palipolowa, anaupitisha kidole, kisha anasema kwa sauti nyumba nzima isikie: "Leo tuna ndoo nne za kutoa." Jirani wa kwanza hadi wa nne walipata. Wa tano aliambiwa pale pale mlangoni: leo hakuna.

Mama aliona aibu. Siku moja akamwambia, si ungemwambia tu apitie jioni? Baba akamjibu, "Apitie jioni afuate nini? Nikimwambia aje, hatakwenda kutafuta kwingine. Jioni nitakuwa nimemnyima maji mara mbili." Nilikuwa mtoto, nasonga ugali wa muhogo, nikayasikia. Katika yote aliyonifundisha, na alinifundisha mengi, hilo ndilo ninaloishi nalo: mwambie mtu kilichopo, mapema, ili aweze kujipanga.

Kwenye korosho alikuwa hivyo hivyo. Alizianika mwenyewe, na hakupeleka gunia chama cha msingi cha ushirika mpaka achote konzi, azitikise karibu na sikio, asikie zinavyogongana. Mlio ukiwa mzito anazirudisha juani. Mwaka wa kwanza nilioweza kuzidisha vizuri nilirudi mbio kutoka mnadani, nimesikia bei ikisomwa, nimeshapiga hesabu ya kilo zetu, nimeshanunua viatu kichwani. Akanikalisha, akafungua daftari. Juu akaandika bei niliyoitaja. Chini yake akashusha makato mstari kwa mstari: ushuru, cha chama, usafiri wa kwenda ghala kuu, deni la pembejeo. Akapiga mstari chini. "Hii ya juu ni ya mnadani. Hii ya chini ndiyo ya mfukoni. Mtu akikuuliza tumepata ngapi, mtajie ya chini."

Mnakumbuka msimu wa 2018, wakulima wa huko kwetu na Newala walipokataa bei za minadani, na serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Watu walianza kukopa bati na pikipiki siku ile ile. Fundi alimfuata Baba achukue bati, atalipa baadaye. Baba akamwambia redio imeshataja, benki bado haijataja. Hakuchukua. Uhakiki ulikuwa mrefu, malipo yakaja kwa zamu, na nyumba yetu haikuwa na mtu wa kumkwepa barabarani.

Kaka amenisimulia kwamba baada ya sala ya jeneza alisimama, kama ada, akauliza nani anamdai marehemu. Akajitokeza mmoja tu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, akataja kiasi chake kwa kusitasita. Kaka akamwambia ni sawa, kimo daftarini. Shilingi zile zile. Nimeisikia habari hiyo mara nyingi kwenye simu, na kila mara namwomba kaka aanze upya.

Sasa mdogo wangu, nikutajie ya chini.

Kima cha chini cha mshahara Uingereza, kilichoanza Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na kazi zetu nyingi za kutunza wazee hazipandi mbali na hapo. Kwa kima hicho, ukifanya saa 37 na nusu kwa wiki unapata kama pauni 1,980 kwa mwezi. Hiyo ni ya mnadani. Kodi na bima ya taifa zikishapita inabaki kama 1,720. Ukiigeuza shilingi inavuka milioni tano, na hapo ndipo mtu wa nyumbani anaposhika kichwa. Lakini siishi kwa shilingi. Chumba kimoja, jiko na choo tunachangia watu wanne, ni pauni 600. Basi, chakula, simu, nguo za baridi. Halafu ada za uhamiaji: maombi ya ukaazi wa kudumu peke yake, kwa bei ya 2025, yalikuwa pauni 3,029 kwa kichwa, na hiyo hujaweka mtihani wa Kiingereza wala tiketi ya kuja nyumbani. Ninachotuma kwa Mama nakitoa kwenye kilichobaki, na miezi mingine nakitoa kwa kuongeza zamu za usiku.

Kazi yenyewe ni ya heshima, nisiifiche. Namuogesha mzee, namnyoa ndevu, namlisha, namgeuza asipate vidonda vya kulala. Niliporudi zamuni wiki ile ya msiba, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza babangu hajambo. Nilimjibu kwamba amefariki. Akalia yeye, mimi nikamfuta machozi, nikaendelea kumvalisha soksi. Kuhusu likizo ya msiba wa mzazi, huku kulipwa siku hizo ni hiari ya mwajiri. Wa kwangu alinipa chache, nikashukuru.

La wakala ndilo naomba ulisome taratibu. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje ya nchi. Na hata kabla, tangu tarehe 11 Machi 2024, mtunza wazee mpya alikuwa haruhusiwi kuja na mke wala watoto, na wewe una mtoto anayetambaa. Anayekwambia leo ana nafasi hizo, mwulize mwajiri ni nani, ana leseni ya kudhamini wafanyakazi, na kwa nini unalipia kazi. Mwajiri wa halali hamuuzii mtu kazi. Huku nimekutana na watu waliolipa mamilioni, wakafika, kampuni haina saa za kuwapa. Mwenye viza ya udhamini akipoteza mdhamini kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mwingine au aondoke. Nimemwona dada mmoja akihesabu hizo siku kwenye kalenda ya ukutani. Alikuwa ameuza shamba la mamake.

Sisemi huku hakufai. Nimeezeka nyumba ya Mama, nimemtibu, nimesoma cheti cha kazi yangu, natembea usiku bila hofu. Baba alifurahi nilipokuja, akaniombea dua kwa mkono wake kichwani pangu. Ukipata njia ya masomo au ya fundi mwenye ujuzi, yenye karatasi zake, niletee nizisome na wewe mstari kwa mstari. Lakini usiuze mikorosho. Mkorosho ukiutunza unakuzalia miaka mingi, na ukishaandikwa jina la mtu mwingine hutaununua tena kwa hela ya zamu. Kama unahitaji mtaji, kodisha mavuno ya msimu mmoja kwa maandishi, mbele ya kaka na mwenyekiti wa kijiji, ardhi ibaki yako.

Na kwenu nyote: mkinipigia kuniomba, nitakutajieni nilicho nacho siku hiyo. Nikisema sina, msione nimebadilika kwa sababu ya Uzungu. Nimelelewa hivyo, na aliyenilea mnamjua.

Viza imeshajibiwa. Mama akitoka eda nitakuwa nimepata likizo, nije nikae naye, nizuru kaburi, na ikiwezekana niukute msimu wa Oktoba. Palizi ya shamba la Baba isinisubiri. Kaka, waulize vibarua wanataka ngapi kwa eka mwaka huu, uniandikie, nami nitakujibu usiku huo huo naweza kulipia eka ngapi.