Bili imelipwa na SHA, sasa nipime mzigo gani?

SWALI: Nafanya utafiti wa uzamili katika kliniki ya saratani mjini Eldoret. Wagonjwa wangu karibu wote wako kwenye SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya. Nataka kupima mzigo wa fedha anaobeba mgonjwa. Msimamizi mmoja anataka nitumie dodoso la COST, linalomuuliza mgonjwa kuhusu mzigo huo, mwingine anasema nikokotoe tu asilimia ya matumizi ya kaya iliyokwenda kwenye matibabu. Bima ikishalipa, nitapata cha kupima kweli?

JIBU: Utapata, tena kingi, ila usikitafute kwenye risiti za hospitali.

Nianze na msimamizi wa pili. Kipimo chake kimezoeleka duniani: kaya ikitoa mfukoni kwa ajili ya afya zaidi ya 10% ya matumizi yake yote, inahesabiwa kuwa imeelemewa. Sasa tuseme fundi cherehani wa Lodwar amepangiwa mionzi Eldoret, siku tano kwa wiki. Kaya yake hutumia shilingi 30,000 kwa mwezi. Mionzi imelipiwa yote. Lakini nauli na chumba cha kupanga vimemla 14,000, cherehani haijashonwa mwezi mzima, na mbuzi wawili wameuzwa. Katika hesabu hiyo nauli na kodi kwa kawaida haziingii kwenye gharama za afya, kwa hiyo kaya yake inatoka na 0%. Ukiziingiza, unapata karibu 47%. Jirani yake aliyepangiwa mionzi hiyohiyo akakosa nauli wiki ya pili na kubaki nyumbani, naye anatoka na 0%. Kipimo kinachowaweka hawa wawili kapu moja na mtu asiye na shida yoyote, mimi singekitegemea peke yake, hata kama jopo la watahini linakipenda.

COST ni afadhali, kwa sababu inamuuliza mgonjwa mwenyewe. Ilitungwa Chicago na kundi la Jonas de Souza, ikachapishwa 2014: maswali 11, alama 0 hadi 44, na alama ikiwa ndogo ndipo hali ni mbaya. Lakini ilizaliwa Marekani, kwa watu wanaoletewa bili nyumbani. Inauliza kama akiba na mali ya mgonjwa vinatosha kulipia matibabu. Fundi wetu anaweza kujibu kwamba vinatosha, maana kalipiwa, huku hajui kodi ya nyumba ataitoa wapi.

Ndiyo maana ningekupeleka Italia, nchi yenye huduma ya afya ya umma tangu 1978. Mwaka 2016 Francesco Perrone na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 16 ya tiba, wagonjwa 3,670. Asilimia 26 walikuwa na shida ya fedha hata kabla ya tiba kuanza, na wale ambao shida hiyo ilizidi wakiwa kwenye tiba walikuwa na hatari ya kufa iliyo juu kwa 20%. Baadaye wakatunga dodoso lao la mzigo wa fedha, PROFFIT, yenye maswali 16. Saba yanatoa alama, 0 hadi 100. Tisa yanatafuta chanzo: umbali wa kituo, nauli, dawa za kujinunulia, vipimo vya hospitali binafsi. Angalia tu, hapa alama kubwa ndiyo mbaya, kinyume cha COST. Ukitumia zote mbili, geuza moja kabla ya kuchora jedwali lolote.

Ningetumia PROFFIT iwe msingi, kisha niongeze maswali ya kwetu. Kumbukumbu za nauli ni dhaifu, kwa hiyo mwombe mgonjwa afungue ujumbe wa M-Pesa na akusomee mwenyewe. Usiuchukue wala kuupiga picha. Kwa mkulima, usibuni mshahara: uliza amemlipa kibarua kiasi gani amshikie jembe, na kama hakuweka mtu, ni ekari ngapi zimelala. Fedha za mchango ziandike safu yake. Ukizichanganya na mapato, kaya iliyofilisika itaonekana imeneemeka mwezi wa harambee.

Pima mara ya kwanza kabla ya tiba, la sivyo utaisingizia saratani umaskini uliokuwepo. Na walioacha kuja kliniki wapigie simu kutoka kwenye rejista. Hao ndio wenye jibu lako, na hakuna dodoso la kwenye benchi la kusubiria litakalowafikia. Ruhusa ya kutumia na kutafsiri dodoso iombe kwa wenyewe mapema, kabla ya kupeleka pendekezo kwa kamati ya maadili, maana ruhusa hiyo huchelewa kuliko unavyodhani.